Sharti, Tokeo na Kidokezo: Uhakiki wa Dhana ya Uashirifu katika Mantiki na katika Kiswahili cha Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya uashirifu, yaani uhusiano wa "ikiwa hivi, basi vile", inavyoelezwa katika mantiki, katika pragmatiki na katika sarufi za Kiswahili. Kisha yanaipima dhana hiyo kwa mazingira ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe, ambako Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Tanzania hukutana na Kiingereza cha ofisini na Chichewa cha mitaani. Hoja kuu ni kwamba kila moja ya taaluma hizo tatu imeshika sehemu ya ukweli na kuacha sehemu inayomdhuru msemaji. Mantiki hupuuza kisichosemwa. Pragmatiki hudhani kwamba wazungumzaji wana uhuru ulio sawa. Na sarufi sanifu hudhani kwamba "kama" ni moja kila mahali. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu ukalimani, utunzaji wa kumbukumbu na uandishi wa matangazo.

1. Utangulizi

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, kwa mwendo usiofika saa moja na nusu kwa gari. Kabla ya kuwa kambi, mahali hapo palikuwa gereza lililotumika kuwafunga wapinzani wa kisiasa katika utawala wa Kamuzu Banda. Tangu 1994 pamepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Ethiopia, Somalia na kwingineko. Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa sababu hiyo Kiswahili kimekuwa lugha kuu ya soko, ya ibada na ya ujirani, ingawa nje ya uzio wa kambi lugha ya taifa ni Chichewa na lugha ya serikali ni Kiingereza.

Hali hiyo ina tokeo moja linalowahusu moja kwa moja wanaisimu. Maisha ya mtu huko hutegemea sana sentensi za masharti. Mwombaji wa hifadhi huulizwa jambo gani lingempata kama angebaki kwao. Tangazo humwambia afanye nini endapo anataka huduma fulani. Amri humweleza yatakayofuata asipotii. Kila sentensi ya namna hiyo hutoka lugha moja kwenda nyingine, mara nyingi kupitia kinywa cha mkalimani mmoja, na mwishoni huandikwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo maneno huweza kufika salama huku uhusiano kati ya maneno ukipotea njiani. Makala haya yanahusu upotevu huo.

Mifano ya mazungumzo iliyotumika imetungwa kwa ajili ya uchambuzi na haikutolewa katika jalada la mtu yeyote. Matini za kisheria na amri za serikali zinazorejelewa ni za hadhara.

2. Urithi wa mantiki: kilichomo na kilichoachwa

Mjadala kuhusu maana ya "ikiwa" ni mkongwe. Wanamantiki wa Kigiriki Philo na Diodorus Cronus walitofautiana juu yake zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Philo alishikilia kwamba kauli ya sharti ni ya uongo katika hali moja tu: sharti likiwa kweli na tokeo likiwa uongo. Diodorus aliona kwamba hilo halitoshi, kwa kuwa kauli inayosadifu kuwa kweli leo inaweza kuwa uongo kesho. Akataka kauli ambayo haikuwahi wala haiwezi kuanza na ukweli na kuishia kwenye uongo. Mantiki ya kisasa, kuanzia Frege mwaka 1879 na baadaye Whitehead na Russell katika kazi yao ya 1910 hadi 1913, ilimfuata Philo.

Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa kwa hisabati. Kwa lugha ya watu ulileta mambo ya ajabu. Kwa kanuni ya Philo, kauli "ikiwa Dzaleka ipo ufukweni mwa bahari, basi Lilongwe ni jiji la Malawi" ni kweli, kwa sababu tu sehemu ya pili ni kweli. Hakuna Mswahili atakayeikubali. Msikilizaji wa Kiswahili, kama msikilizaji wa lugha yoyote, hutaka sharti liwe na uzito fulani juu ya tokeo: liwe sababu yake, dalili yake au njia ya kulifikia.

Methali zenyewe zinatenganisha uzito huo kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. "Dalili ya mvua ni mawingu" haidai kwamba kila wingu huleta mvua. Inadai kwamba anayetafuta mvua atazame mawingu. "Ukiona vyaelea, vimeundwa" inatoka kwenye kinachoonekana kwenda kwenye chanzo chake, yaani tokeo linasimama mbele na sababu nyuma. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" inatangulia tukio na kuonya. Zote tatu mantiki ya Philo huzivisha sare moja. Kinachopotea si pambo la lugha; ni aina ya uhusiano ambao msemaji amekusudia kuudai.

3. Neno "sharti" na mtego wa istilahi

Sarufi za Kiswahili huita kauli za "ikiwa P, basi Q" sentensi za masharti. Istilahi hiyo imetoka katika sarufi ya Kiarabu, ambamo sehemu ya kwanza huitwa sharti na ya pili jawabu lake. Lakini neno lilipofika katika Kiswahili cha kila siku lilishika maana ya jambo lisiloepukika. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" humaanisha kwamba bila kuinama hapati. Haimaanishi kwamba kila anayeinama hupata. Kwa lugha ya mantiki, sharti la methali hii ni sharti la lazima, ilhali P katika "ikiwa P, basi Q" ni sharti linalotosha. Kwa hiyo darasa la sarufi na darasa la mantiki yanatumia neno moja kwa mambo mawili yanayotazamana kwa kinyume, na vitabu vya shule havimwonyi mwanafunzi.

Mtego huo unaonekana wazi katika tangazo la aina hii: "Ukileta kadi ya familia utaandikishwa Jumatatu." Kimantiki tangazo halisemi chochote kuhusu asiye na kadi. Msomaji hata hivyo huondoka akiamini kwamba asiye na kadi haandikishwi. Geis na Zwicky walieleza tabia hiyo mwaka 1971 kwa Kiingereza, wakionyesha kwamba kauli ya sharti humwalika msikilizaji kuongeza kinyume chake. Katika Kiswahili mwaliko huo ni mzito zaidi, kwa kuwa jina lenyewe la muundo, "sharti", linamwambia msikilizaji kwamba bila hilo hakuna.

Mwambao wa Afrika Mashariki una hazina yake ya fikra juu ya suala hili, nayo haijatumiwa ipasavyo na wanaisimu. Katika elimu ya misingi ya fikihi, swali la kama hukumu iliyofungwa kwa sharti inaashiria hukumu ya kinyume pale sharti linapokosekana limejadiliwa kwa karne nyingi chini ya jina la mafhumu al-mukhalafa. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, wanaikubali dalili hiyo kwa mipaka maalumu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi hawaikubali katika kufasiri matini za sheria. Jambo la kuzingatia si nani ana haki. Ni kwamba pande zote mbili ziliona ulazima wa kutaja kanuni ya usomaji kabla ya kutoa hukumu. Ofisi inayotoa matangazo kwa wakimbizi haitaji kanuni yake, na msomaji huachwa akisie.

Ugumu huohuo unaonekana katika Mkataba wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi. Ibara ya 31 inazuia nchi kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze kwa mamlaka bila kuchelewa na kutoa sababu ya kuridhisha. Neno "mradi" hubeba sharti la lazima. Mfasiri akiliweka "akijitokeza" badala ya "mradi ajitokeze", amegeuza sharti la lazima kuwa sharti linalotosha, na ahadi ya sheria imekuwa pana kuliko ilivyoandikwa. Akiweka "asipojitokeza ataadhibiwa", ameigeuza kinga kuwa tishio, kwa kuwa ibara haiamuru mtu yeyote aadhibiwe. Makosa yote mawili yanaweza kufanywa na mfasiri anayejua kila neno la sentensi.

4. Viambishi -ki-, -nge- na -ngali-

Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, kama vitabu vingi vya shule vilivyofuata, hueleza kwamba -ki- huonyesha sharti linalowezekana, -nge- sharti la kudhaniwa kwa wakati uliopo, na -ngali- sharti lililokwisha kupita bila kutimia. Mpangilio huo unapendeza katika jedwali. Matumizi hayautii.

Kwanza, -ki- haiambii masikio kama msemaji ana shaka au ana yakini. "Amani ikirudi, nitarudi" inaweza kutamkwa na mtu anayetazamia amani karibuni, na pia na mtu asiyeitarajia kabisa katika umri wake. Kiingereza humlazimisha mkalimani kuchagua kati ya maneno mawili, moja la shaka na jingine la wakati. Akichagua la wakati, karatasi itaonyesha mtu mwenye mpango wa kurejea kwao. Akichagua la shaka, itaonyesha mtu anayeweka kikwazo. Kauli ya Kiswahili haikuwa na mpango wala kikwazo. Ilikuwa na uhusiano tu.

Pili, mpaka kati ya -nge- na -ngali- umefifia kwa wazungumzaji wengi, na -nge- hubeba kazi zote mbili. "Ningebaki, wangeniua" huweza kuwa habari ya jana ("lau ningebaki siku ile") au ya leo ("lau ningekuwa bado huko"). Kwa mhojaji tofauti hiyo ni nzito. Ufafanuzi wa mkimbizi katika Mkataba wa 1951 hutazama hofu yenye msingi, yaani hatari iliyopo mbele ya mwombaji akirudishwa. Madhara yaliyopita ni ushahidi wa hofu hiyo, lakini hayachukui nafasi yake. Kauli ya -nge- ikiandikwa kama jambo lililokwisha, mwombaji huonekana ameeleza hatari iliyopita, na mhojaji makini atauliza ya sasa iko wapi. Ilikuwemo katika kiambishi kilekile.

Lawama hapa isielekezwe kwa wazungumzaji kana kwamba wameharibu lugha. Usanifishaji uliotokana na mkutano wa Mombasa wa 1928 na kazi ya kamati iliyoanza 1930 ulichukua Kiunguja kuwa msingi. Sarufi zilizojengwa juu yake zilieleza tofauti ambazo hata Tanzania wazungumzaji wengi hawazishiki. Kumpima Mkongo kwa jedwali hilo ni kumpima kwa kipimo ambacho wenye nacho hawakitumii.

5. "Kama" ya Kongo

Suala zito kuliko yote lililomo katika makala haya limo katika neno fupi. Katika Kiswahili sanifu "kama" hufanya kazi kuu mbili: kufananisha na kuweka sharti au shaka. "Sijui kama atakuja" ni shaka. "Kama atakuja, nitamngoja" ni sharti. Kazi ya kuleta habari iliyo na uhakika baada ya vitenzi kama "sema", "jua" au "sikia" imeachiwa "kwamba" na "kuwa".

Katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha sehemu kubwa ya mashariki mwa Kongo, "kama" hubeba pia kazi ya "kwamba". Matumizi hayo yanaonekana katika matini za Kiswahili cha Shaba, zikiwemo zile zilizochapishwa na Johannes Fabian. Mzungumzaji wa aina hiyo ya Kiswahili akisema "nilisikia kama walifika kijijini", anatoa habari: alisikia kwamba walifika. Msikilizaji aliyelelewa kwa Kiswahili cha Tanzania husita, kisha huelekea kusikia shaka: alisikia kitu, hana hakika. Mkalimani akiifuata tafsiri hiyo ya pili, shahidi wa habari amegeuka mtu wa uvumi.

Sentensi ndefu huzidisha hatari. Chukua kauli hii: "Waliniambia kama nitarudi wataniua." Yupo atakayeisikia kuwa tishio lenye sharti: wataniua iwapo nitarudi. Yupo atakayeisikia kuwa habari mbili zilizofuatana: waliniambia kwamba nitarudi, na kwamba wataniua. Katika usomaji wa kwanza hatari hutegemea kurudi kwa mwombaji, na hilo ndilo hasa sheria inaloliuliza. Katika usomaji wa pili hatari imeshatangazwa bila kutegemea lolote. Mwombaji akihojiwa mara mbili na wakalimani wawili, mmoja kutoka Uvira na mwingine kutoka Kigoma, majalada yake yanaweza kuonyesha maelezo mawili tofauti, na tofauti hiyo ikasomwa kuwa kujipinga. Aliyejipinga si mwombaji. Ni "kama" mbili zilizovaa sura moja.

Ni kweli kwamba muktadha huondoa utata mwingi wa namna hii, na mkalimani mzoefu aliyeishi kambini huenda asitatizwe nao. Lakini hoja hiyo inathibitisha ubingwa wa mkalimani, haithibitishi usalama wa mfumo. Mfumo unaotegemea bahati ya kumpata aliyezoea haujajilinda. Isitoshe, aliye mbali anayesoma jalada kwa Kiingereza, kwa mfano anaposikiliza rufaa, hana muktadha wa kurejea. Kwake "kama" haipo tena. Lipo tu neno ambalo mkalimani alichagua.

6. Kidokezo na mipaka ya nadharia ya Grice

Kilichosemwa si chote kinachoeleweka. Grice, katika mihadhara yake ya 1967 iliyochapishwa kwa sehemu mwaka 1975, alieleza kwamba wazungumzaji hushirikiana, na kwamba msikilizaji hukisia yasiyosemwa kwa kudhani mwenzake anatoa habari za kutosha, za kweli, zinazohusika na zilizo wazi. Aliyeulizwa ana watoto wangapi akajibu "wawili" hudokeza kwamba hana wa tatu, ingawa kimantiki mwenye watatu pia ana wawili.

Nadharia hiyo imefungua mengi, na haifai kutupwa. Udhaifu wake ni kwamba imejengwa juu ya mazungumzo ya watu walio sawa. Elinor Keenan alionyesha mwaka 1976, kwa kuchunguza jamii ya Madagaska, kwamba kutotoa habari kamili kunaweza kuwa desturi ya kawaida, na msikilizaji wa huko hakisii lolote kutokana na upungufu huo. Chumba cha mahojiano kinazidisha jambo hilo. Humo mmoja huuliza na mwingine hujibu. Mmoja anajua ni habari ipi yenye uzito na mwingine hajui. Mmoja akikosea haathiriki na mwingine huathirika. Kudhani kwamba mjibuji anatoa "habari za kutosha" ni kudhani kwamba anajua kiasi kinachotosha kwa nani na kwa ajili ya nini.

Fikiria pia heshima ya lugha. Mama akiulizwa yaliyompata akajibu "walitufanyia mabaya", Mswahili wa rika lake ameelewa, na angeona haya kuuliza zaidi. Kwa kanuni ya Grice iliyosomwa bila uangalifu, aliyesema neno pana amedokeza kwamba hana neno mahususi la kusema. Katika mazungumzo ya Kiswahili mara nyingi ni kinyume: neno pana limechaguliwa kwa sababu lile mahususi ni zito mno kutamkwa mbele ya mgeni, mbele ya mwanamume au mbele ya mtu wa umri wa mwanawe. Akija kulitamka katika mahojiano ya pili, isisemwe kwamba ameongeza hadithi.

Hata mambo madogo ya Lilongwe yanafundisha kwamba vidokezo hutegemea ujuzi wa mahali. Mitaa ya jiji hilo hutajwa kwa namba, kama Area 18, Area 25 au Area 47, na mgeni hudhani kwamba namba zinazofuatana ni za mitaa inayopakana. Mpangilio wa namba hizo haufuati ujirani. Mgeni hajadanganywa na mtu. Amekisia kwa kanuni nzuri katika mahali ambapo kanuni hiyo haifanyi kazi. Ndivyo mhojaji anavyoweza kukisia vibaya kuhusu umbali, tarehe na undugu katika simulizi la mtu wa Fizi au Rutshuru, bila nia mbaya na bila kosa la kimantiki.

7. Dhana iliyofichwa na hiari isiyo hiari

Upo mtindo wa hoja unaofahamika sana katika maandishi ya sheria ya wakimbizi: aliyeogopa kweli angeomba hifadhi katika nchi ya kwanza aliyofika, huyu hakuomba, basi hakuogopa kweli. Umbo la hoja ni sahihi kabisa. Ikiwa P basi Q, Q haipo, basi P haipo. Kinachopaswa kuhakikiwa ni kauli ya kwanza, ambayo kwa kawaida haiandikwi. Malawi haipakani na Kongo. Kila Mkongo aliyefika Dzaleka kwa njia ya nchi kavu amepitia nchi nyingine, kama Tanzania au Zambia. Kauli ya kwanza ikikubaliwa bila kuchunguzwa, inawahukumu wote kwa jiografia. Hapa mantiki haina hatia. Ilipewa dhana mbovu na kuifikisha salama mpaka mwisho. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha mwaka 1979 kinasema kwamba jukumu la kuthibitisha na kupima ukweli linagawanywa kati ya mwombaji na mhojaji. Sehemu ya mhojaji katika jukumu hilo ingeanza na kuiandika kauli yake ya kwanza, ili mwombaji apate kuijibu.

Mfano wa pili ni wa hadhara zaidi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa 1951 mwaka 1987 iliweka hifadhi ya haki juu ya ibara kadhaa, ikiwemo ya 26 inayohusu uhuru wa kwenda na kukaa, na kujiachia haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi. Mwaka 2021 serikali iliwataka wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Mwezi Machi 2023 agizo lilirudiwa: warudi kwa hiari kufikia tarehe 15 Aprili, ama sivyo wahamishwe kwa nguvu. Mwezi Mei mwaka huo ukamataji ulianza Lilongwe.

Haki ya serikali kutoa agizo hilo ni mjadala wa wanasheria. Suala la lugha ni hili: agizo lina umbo la sharti, "usiporudi kwa hiari utarudishwa kwa nguvu". Ukilichambua, matawi yake yote mawili yanaishia kambini. Tokeo halitegemei uchaguzi wa msikilizaji; kinachotegemea ni namna ya kufika. Neno "hiari" kwa Kiswahili humaanisha uwezo wa kutenda au kutotenda. Pale ambapo kutotenda kunaleta tokeo lilelile, neno hilo limebaki na sauti bila maana yake. Hatari ya matumizi hayo haiishi siku ile. Takwimu za baadaye zikihesabu waliorudi "kwa hiari", msomaji wa mbali ataelewa kwamba walitaka kurudi. Kidokezo kitakuwa kimezaa habari ambayo hakuna aliyeisema.

8. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba uashirifu hauwezi kuachwa mikononi mwa taaluma moja. Mantiki hutuonyesha wapi hoja inashikamana, lakini haina la kusema juu ya dhana iliyofichwa wala juu ya kilichodokezwa. Pragmatiki ya Grice hutuonyesha kidokezo kinavyozaliwa, lakini hudhani usawa usiokuwepo mbele ya meza ya mhojaji. Sarufi sanifu hutupatia viambishi, lakini imevipangia kazi ambazo wazungumzaji wengi hawavipi, na imeliacha nje neno "kama" la mamilioni ya Wakongo.

Jambo hili si la Dzaleka pekee. SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiswahili cha Kongo kinaingia katika mabaraza, mahakama na ofisi za kanda, na hakitaingia kikiwa kimejivika sarufi ya Unguja. Kwa washauri wa sera mambo manne yanafuata.

Kwanza, mahojiano yahifadhiwe kwa sauti au kwa maandishi ya Kiswahili kilekile kilichosemwa, sambamba na tafsiri ya Kiingereza. Bila asilia hakuna awezaye kurudi kwenye "kama" iliyotamkwa. Pale ambapo gharama hairuhusu yote, zihifadhiwe angalau kauli zenye sharti na zenye vitenzi vya kusema na kusikia.

Pili, mafunzo ya wakalimani yatenge muda kwa ajili ya -ki-, -nge- na "kama" katika lahaja tofauti, na yawape wakalimani ruhusa ya wazi ya kuuliza kabla ya kutafsiri. Mkalimani anayeuliza "umesikia kwamba walifika, au hujui kama walifika?" hajaingilia ushahidi, ameulinda.

Tatu, matangazo kwa wakimbizi yatamke pande zote mbili za sharti. Badala ya "ukileta kadi utaandikishwa", iandikwe pia asiye na kadi afanye nini. Ikiwa sharti ni la lazima, Kiswahili kina "ndipo", "mradi" na "mpaka". Ikiwa linatosha tu, lisemwe hivyo.

Nne, vyuo na mabaraza ya Kiswahili yaandike maelezo ya sarufi ya masharti yanayozihusisha aina za Kiswahili za Kongo na za Burundi, na yafafanue kwa wanafunzi tofauti kati ya sharti linalotosha na sharti la lazima. Kazi hiyo ni ya sarufi na ya mantiki kwa pamoja, na mpaka itakapofanywa, mwenye "kama" ya Lubumbashi ataendelea kusomwa kuwa mtu mwenye shaka katika chumba ambamo anatakiwa kuwa na yakini.